Besi inatikisa milango, lakini mwimbaji yuko wapi?

SWALI: Assalaam aleikum, Fundi. Ninaendesha Probox, nikibeba abiria baina ya Malindi na Watamu. Mwaka jana niliweka redio mpya, amplifaya ya chaneli nne, spika za inchi 6.5 kwenye milango ya mbele pamoja na twita zake (spika ndogo za sauti nyembamba za juu), na sabufa, yaani spika kubwa ya besi, ya inchi 12 nyuma. Siku za mwanzo nilifurahi sana. Miezi miwili iliyopita mlango wa kushoto ulifunguliwa ili kutengeneza kioo kilichokuwa hakipandi. Tangu hapo besi naisikia, matoazi nayasikia, ila mwimbaji amekuwa kama mtu anayeimba chumba cha pili. Nimepandisha sauti na kuzungusha vifundo vyote. Hali ni ile ile, iwe ni redio, simu au flashi. Fundi mmoja amenishauri ninunue spika nyingine ndogo za kupachika juu ya dashibodi. Je, ninunue?
Dereva wa Probox, Barani, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu dereva. Usinunue chochote kwa sasa. Umenitajia kioo kama jambo la kupita tu, nami nalishika hilo hilo: sauti iliyokuwa nzuri, ikaharibika siku mlango ulipofunguliwa, mara nyingi imeharibikia ndani ya mlango huo.

Kila spika ina ncha mbili, chanya na hasi. Zikiunganishwa sawasawa katika milango yote miwili, koni za spika husukuma hewa kwa pamoja na kuivuta kwa pamoja. Waya za mlango mmoja zikibadilishana, spika ya kulia inasukuma wakati ya kushoto inavuta, na hewa ambayo ingekufikia sikioni inamezwa njiani. Kinachoathirika zaidi ni kile kilichorekodiwa sawa pande zote mbili, na katika nyimbo nyingi hicho ndicho sauti ya mwimbaji. Sauti ya mwanamume akizungumza huanzia takriban Hz (mitetemo kwa sekunde) 85 hadi 180, na ya mwanamke takriban Hz 165 hadi 255. Hapo ndipo kifua cha sauti kilipo, na hapo ndipo milango inayopingana hula zaidi. Kwa kawaida mtu angeligundua kosa hili mapema kwa sababu besi ya milango nayo ingepotea. Wewe una sabufa, nayo inaziba pengo la chini, kwa hiyo sikio lako linaambiwa kwamba kila kitu kipo isipokuwa mwimbaji.

Lijaribu jambo hili kabla ya kushika bisibisi. Egesha gari mahali patulivu, zima sabufa, kisha weka wimbo wenye sauti ya mtu na ala chache. Mimi hutumia taarabu ya Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, kwa sababu udi na sauti ya mwanamume vikiwa peke yao havina pa kujificha. Peleka balansi, ile inayogawa sauti kati ya kulia na kushoto, yote kulia, usikilize; kisha yote kushoto, usikilize. Halafu irudishe katikati na uinamishe kichwa chako kiwe kati ya viti viwili vya mbele, sawa kwa sawa na milango yote miwili. Ikiwa mwimbaji ana nguvu kila upande ukiwa peke yake, lakini anayeyuka pande zote mbili zikilia pamoja, basi spika zako ni nzima na waya za mlango mmoja zimegeuzwa.

Ukishapata hakika hiyo, fungua mlango wa kushoto na uchomoe waya zote mbili za spika. Chukua betri ndogo ya rimoti, ya volti 1.5, uguse ncha za spika kwa sekunde moja tu: koni ikiruka kuja nje, ncha inayoguswa na chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Kwenye spika nyingi kibati cha chanya ni kipana kuliko cha hasi, ili klipu ya waya isiingie pasipo pake, lakini nimeshaona klipu iliyofunguliwa kwa koleo hadi ikakubali kuingia kinyume. Na hilo nilikutana nalo katika gari langu mwenyewe, baada ya kubadilisha spika mara mbili bila sababu. Sikumlaumu fundi aliyeniwekea kwa sababu aibu ilikuwa yangu zaidi. Rangi ya waya nayo isikudanganye, kwani waya inayoingia mlangoni huenda iliungwa na mtu mwingine kwa rangi aliyokuwa nayo mfukoni siku hiyo.

Mlango ukiwa bado wazi, tazama karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye bati la ndani. Wanaotengeneza vioo huichana ili mkono upite, na wengi hawairudishi. Spika hutoa sauti mbele na nyuma, na sauti ya nyuma ikipata tundu la kupenya, inakuja kuipinga ile ya mbele. Mlango wenye matundu hunyonya sauti za chini na za katikati hata kama waya ziko sawa. Ibandike upya, na kama imeoza, weka plastiki nene na gundi isiyoyeyuka kwa joto. Acha tu zile nafasi za chini za mlango zinazotoa maji, maana ukiziba hizo utajiundia birika.

Ikiwa jaribio la balansi litaonyesha kwamba mwimbaji ni dhaifu pande zote, hata kila upande ukiwa peke yake, hapo tuiache milango tuende kwenye amplifaya. Karibu na kila jozi ya chaneli kuna swichi yenye maandishi LPF (hupitisha sauti za chini tu), FULL (hupitisha zote) na HPF (hupitisha za juu tu). Chaneli za milango zikiwa zimewekwa LPF, spika za mlangoni zinapewa besi tu, na twita hazipewi kitu. Wewe matoazi unayasikia, kwa hiyo sidhani kama ni hilo. Linalowezekana zaidi ni kifundo cha HPF, kinachoamua sauti za milango zianzie wapi, kuzungushwa kupita kiasi: sabufa ikikatwa kwenye Hz 80 na milango ikaanzia Hz 250, sauti zote zilizo kati ya namba hizo mbili hazina mwenyewe. Weka zote mbili karibu na Hz 80, kisha usogeze kidogo kidogo kwa sikio. Wewe mwenyewe umekiri kwamba umezungusha vifundo vyote, nami nina wasiwasi na baadhi yao.

Ikwalaiza, yaani sehemu ya redio ya kupandisha na kushusha besi, sauti za katikati na za juu, nayo irudishe kwenye sifuri, na uzime kitufe cha LOUD, kinachokuza besi na sauti za juu. Vijana wetu hupenda kupandisha besi na twita na kuacha katikati kama bonde, kisha wanashangaa maneno ya wimbo hayasikiki.

Kuhusu spika za dashibodi, zina faida yake, kwa kuwa spika ya mlangoni huelekea magoti ya dereva na sauti za katikati za juu hupotelea kwenye suruali na viti. Lakini ukiziongeza wakati milango inapingana, utakuwa umenunua pazia la kufunika ukuta uliopasuka.

SWALI: Fundi, shikamoo. Katika gari la mume wangu, taarifa ya habari ya redio inasikika vizuri, lakini tukicheza nyimbo kwa waya kutoka kwenye simu, ala zinasikika kwa mwangwi na mwimbaji hayupo kabisa. Je, spika zimekufa?
Mama wa Mambrui

JIBU: Marahaba, dada yangu. Spika iliyokufa haichagui kati ya redio na simu, kwa hiyo spika zenu ni salama. Katika ncha ya waya wa simu kuna pete ya chini ambayo pande mbili za muziki hushirikiana, na pete hiyo isipogusa vizuri, spika hazipati sauti ya kushoto na ya kulia bali zinapata tofauti iliyo kati yao. Mwimbaji yuko sawa pande zote, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri, na kinachobaki ni mwangwi na vinanda vya pembeni. Huku kwetu upepo wa bahari hubeba chumvi, nayo huifanya pete hiyo ipate utando wa kijani kibichi. Ifute kwa kitambaa chenye spiriti na uiache ikauke. Kisha vua kifuniko cha simu, kwa maana vingine ni vinene na huzuia ncha isiingie yote, na usukume mpaka usikie kamlio kadogo ka ncha kukaa mahali pake.