Kumi na mbili bora yenye nyimbo 15

Ukisikia orodha ya 12 bora ina nyimbo 15, utadhani waliokosea ni waandaaji. Hapana ndugu, hawakukosea hesabu. Chati ya kwanza ya mauzo ya santuri Uingereza, ile ya gazeti la muziki la NME (New Musical Express) ya tarehe 14 Novemba 1952, iliitwa 12 bora na kweli ina nyimbo 15. Sababu ni sare: nafasi ya 7, ya 8 na ya 11 kila moja imekaliwa na nyimbo mbili, na nyimbo zilizofuata hazikurukishwa namba: baada ya 7 mbili ikaja 8, si 9.

Na usidhani kulikuwa na mitambo. Percy Dickins wa gazeti hilo alikuwa anapiga simu maduka ya santuri, kama 20 hivi, anauliza kipi kimeuzwa zaidi, kisha anajumlisha kwa kalamu. Kwa sampuli ndogo namna hiyo, sare utazikwepaje? Kabla ya hapo watu walipima umaarufu kwa mauzo ya karatasi zilizochapwa noti za muziki, si santuri.

Namba 1 alikuwa Al Martino, mwimbaji Mmarekani, akakaa hapo wiki 9. Ila mimi namvulia kofia mwimbaji Mwingereza Vera Lynn: nyimbo 3 ndani ya orodha moja!