Kabla Hujalipia DSLR, Itoe Nje Kwenye Jua

Ukiingia duka la kamera Kariakoo ukasema unatafuta DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, neno la kwanza utakalosikia ni megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Hii ina 24, ile ina 20, basi hii ndiyo kali. Msikilize muuzaji kwa heshima, halafu achana na hizo hesabu. Picha ya megapikseli 24 ina upana wa pikseli 6000, ya 20 ina kama 5470. Hata ukiichapisha ukaitundika sebuleni, huoni tofauti. Picha mbovu ninazoletewa na wanaoanza zinakuwa na shida nyingine kabisa: fokasi imekaa sikioni badala ya jichoni, au uso umegeuka kivuli kitupu mbele ya ukuta mweupe.

Mimi naanza na uso, kwa sababu ndio tunaopiga kila siku. Mita ya kamera, kile kipima mwanga chake, haijui inatazama mtu au ukuta. Inachotaka ni picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Msimamishe mzee aliyevaa kanzu nyeupe kwenye jua la saa saba mchana, kamera itaiona kanzu, itabana mwanga, na uso utazama gizani. Ukiongeza mwanga kuuokoa uso, kanzu inaungua na ile tarizi ya shingoni inafutika. Hapo ndipo sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, inapojulikana. Omba utoke nje na kamera, piga kwa RAW (faili ghafi lenye kila kilichonaswa na sensa) na si JPEG (picha iliyokwisha kubanwa), linda kanzu isiungue, kisha ifungue picha kwenye kompyuta uvute vivuli juu. Sensa nzuri inakurudishia ngozi na rangi yake halisi, mpaka ule mng'ao wa jasho kwenye paji la uso. Dhaifu inakupa chengachenga.

Kwa jaribio hili Nikon D750 ya 2014 na D7200 ya 2015 zinavumilia sana. Canon 5D Mark III ya 2012 naipenda kwa rangi zake, lakini ukivivuta vivuli vyake kupita kiasi inatoa mistari, na mistari hiyo juu ya ngozi nyeusi inaonekana haraka. Kama picha zako nyingi ni za nje mchana, Feri au Coco Beach, jambo hili lipe uzito kuliko jingine lolote. Wa kumbi za harusi usiku apige pia kwa ISO (kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) 3200 na 6400 chini ya taa hafifu, aangalie nywele na nguo nyeusi.

Fokasi sasa. Ukichungulia kwenye kidirisha cha DSLR, kinachopima fokasi ni kipimo kingine kilichokaa chini ya kioo, si sensa inayopiga picha. Viwili hivyo vikipishana kidogo tu, kila picha inatoka imelenga mbele au nyuma ya ulipokusudia, na utajilaumu bure kwamba mkono unatetemeka. Chukua gazeti, liinamishe kaunta, weka lenzi ya 50mm kwenye f/1.8, yaani tundu la kuingiza mwanga likiwa wazi sana, lenga mstari mmoja wa maandishi, piga. Rudia kwa kutumia skrini ya nyuma, ambako sensa yenyewe ndiyo inayolenga. Ya skrini ikitoka kali na ya kidirisha ikatoka na ukungu, umeipata shida. D7200, D750, 5D Mark III na Canon 80D zina menyu ya kurekebisha hilo. Canon 60D haina, wala Nikon za familia ya D3000 na D5000. Hizo za D3000 na D5000 hazina hata mota ya kuendesha fokasi ya lenzi za zamani za Nikon ziitwazo AF-D, ambazo ndizo lenzi nzuri za bei nafuu. Kwa mtu anayetaka kukua, mimi simshauri azinunue.

Nyingi utakazokutana nazo zimeshatumika, maana Canon na Nikon wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo, na DSLR zao za mwisho mwisho ni za 2020. Basi uliza shata, lile pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga, imeshapiga mara ngapi. D7200, D750 na 5D Mark III zimetengenezewa shata ya mizunguko 150,000, 80D ni 100,000, na mpiga picha wa harusi anaweza kumaliza elfu mbili usiku mmoja. Nikon huiandika namba hiyo ndani ya faili la picha. Canon nyingi zinahitaji waya na programu maalumu. Halafu weka f/16, tundu likiwa dogo, upige anga tupu: madoa yatakayotokea ni vumbi la kwenye sensa, na hilo linasafishika.

Fangasi ni habari nyingine. Joto na unyevu wa Dar ni chakula chake. Chomoa lenzi, fungua tundu lake lote, mulika kwa tochi ya simu upande mmoja ukichungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, irudishe hata akikupunguzia nusu bei. Na ukishapata iliyo safi, usiilaze kwenye begi la kitambaa. Nunua kontena la plastiki linaloziba vizuri, weka silika jeli ndani, zile punje za kunyonya unyevu, na punje zikibadilika rangi zikaushe au weka nyingine.