Kuweka swichi katikati ya waya wa taa za volti 12

Taa za mkanda za LED zimejaa Nairobi: kwa kinyozi, kwa mama mboga, hadi juu ya sinki jikoni. Nyingi huuzwa bila swichi, kwa hiyo mtu huzima kwa kung'oa waya kwenye betri kila usiku mpaka kichwa cha waya kinalegea. Nimewafungia swichi majirani kadhaa hapa Kayole, na naona watu hukwama mahali pawili tu: kuchagua swichi na kuunga waya.

Anza na hesabu. Gawa wati kwa volti: taa za wati 24 kwenye betri ya volti 12 zinavuta ampea 2. Kisha soma ubavuni mwa swichi. Nyingi utakazopata Luthuli Avenue zimeandikwa ampea 6, volti 250 AC. Huo ni uwezo wake kwa umeme wa ukutani, ambao hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche inayoruka ukizima hukatika yenyewe. Umeme wa betri haushuki. Cheche hung'ang'ania, na pole pole inaunguza vibati vya ndani vinavyogusana. Kwa ampea 2 hutaona shida. Ukitaka kuwasha pampu, nenda Kirinyaga Road kwa wauza spea ununue swichi ya gari iliyoandikwa volti 12 DC, yaani umeme wa betri.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa betri na uvue saa na pete. Volti 12 haitakurusha, ila betri ya gari ikigusanishwa chanya na hasi kwa kipande cha chuma, chuma hicho kinakuwa chekundu mkononi mwako. Ndiyo maana nasisitiza fyuzi, kile kifaa kidogo kinachokata umeme ukizidi. Ampea 3 inatosha kwa taa hizi, na ikae kwenye waya mwekundu karibu kabisa na betri, swichi ifuate baada yake.

Sasa swichi yenyewe. Ile ndogo bapa, kama ya taa ya mezani, inafunguka nusu mbili ukitoa skrubu. Ndani kuna njia ya waya mmoja kupita mzima, na upande wa pili kuna skrubu mbili zinazotazamana. Tenganisha waya pacha kidogo, kata mwekundu pekee, mweusi upite bila kuguswa. Menya ncha mbili kama nusu sentimita, sokota nyuzi zote zishikane, zikunje mara moja, kisha kaza. Mafundi wengine hupaka risasi ya kulehemu kwenye ncha kwanza. Mimi sipaki: risasi ni laini, hubonyea chini ya skrubu na baada ya muda waya unacheza. Kulehemu kunafaa pale waya unapoungwa na waya, na kiungo hicho ukifunike kwa mpira wa kusinyaa, ule mrija unaobana waya ukipashwa moto. Tepu nyeusi kwenye joto la bati la kibanda hubanduka na kuacha gundi tupu.

Jihadhari na swichi yenye taa ndogo ndani yake (kitaa) na miguu mitatu. Mmoja unapokea kutoka kwenye fyuzi, mmoja unapeleka kwenye taa, na wa tatu, ambao mara nyingi una rangi ya shaba, ni hasi ya kile kitaa chake tu. Ukipeleka hasi kwenye mguu unaopeleka umeme kwenye taa, siku utakapobonyeza fyuzi inakatika papo hapo. Kama hukuweka fyuzi, waya ndio utakaoungua.

Ukimaliza, washa taa, weka mita ya kupimia umeme kwenye volti DC na uguse pande mbili za swichi. Isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti, kuna skrubu iliyolegea. Iache iwake nusu saa, kisha ishike swichi: ikiwa na joto, chomoa betri, fungua, kaza upya.