Chai ya kukaribishwa

Mdogo wangu unayeanza kuuza viungo hapa soko la Darajani, Unguja, naanza na aibu yangu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nauza "zafarani ya Zanzibar", naisifu mpaka mwenyewe naiamini. Siku moja mama mmoja mgeni, mtu mzima, akaomba glasi ya maji, akatia nyuzi tatu nne. Maji yakageuka manjano palepale, nyuzi zikapauka. Hakusema neno. Akafunga mkoba wake, akaenda zake. Zafarani ya kweli hutoa rangi taratibu na uzi hubaki mwekundu. Tena nyingi yake hutoka Iran, na gramu moja hutaka maua kama 150. Yangu ilikuwa vipande vya ua jingine kabisa.

Tangu hapo, sababu ninayompa mteja lazima iwe ya kuweza kuichunguza mwenyewe. Karafuu inachunguzika. Mpe chembe moja aibonyeze kwa ukucha, aone mafuta. Aitie majini: iliyojaa mafuta huzama au husimama wima, iliyokwisha kukamuliwa huelea ubavu. Afanye kwa mkono wake, wewe nyamaza. Akinunua hapo umemshawishi, hukumtia kiwi. Sikwambii usisifu mali yako. Muuzaji bubu hulala na njaa.

"Zimebaki pakti mbili tu." Kama kweli ni mbili, sema, anahitaji kujua. Kama kasha zima liko chini ya meza, unamkimbiza asipate kufikiri. Na maneno ni yaleyale! Papasi naye, yule kijana anayezunguka mjini kutafuta watalii, akikuletea mgeni atataka chake. Mpe kutoka kwenye faida yako, usimpandishie mgeni bei kimyakimya.

Linalonitatiza mpaka leo ni chai. Tajiri wangu wa zamani alinifundisha: mpe mgeni chai ya viungo kwanza, akishainywa ataona haya kutoka mikono mitupu. Na kweli huona haya. Lakini kumkirimu mgeni ndiyo ada yetu, siwezi kuiacha kwa kuwa kuna walioifanya ndoana. Basi namimina, na kabla hajagusa kikombe namwambia, "Hii ya kukaribishwa, hainunui kitu." Wengine hunywa, hushukuru, wakaenda kununua duka la pili. Juzi Mjerumani mmoja kanimalizia vikombe viwili, kisha kwaheri. Nilinuna kidogo, nisikudanganye, nikaosha vikombe.