Usimfanyie tarantula usafi wa Jumamosi: maswali yenu na majibu

Maswali yamekuja mengi wiki hizi na karibu yote yanazunguka jambo moja, boksi la tarantula, yaani hawa buibui wakubwa wenye manyoya tunaowafuga, nilisafishe aje na nilisafishe mara ngapi. Nimechagua saba. Niseme tu mapema kitu kitakachorudi kwa majibu mengi: wale tarantula nimeona wakifa kwa mikono ya watu wazuri, watu wanaowapenda, hawakufa na uchafu. Walikufa na maji mengi ama walikufa na dawa.

Msomaji wa Umoja anauliza: "Kila Jumamosi natoa udongo wote naweka mpya na naosha tangi kwa sabuni. Lakini buibui wangu amekuwa mkali sana na ameacha kula. Nakosea wapi?"

Unasafisha kupita kiasi, na nakuelewa kabisa juu wengi wetu tumelelewa hivo, Jumamosi ni kupiga deki na kuanika blanketi. Lakini tarantula si kuku wala sungura. Anakula labda mara moja kwa wiki, akiwa mkubwa ata mara moja kwa wiki mbili, na choo chake ni matone meupe machache kwa kioo. Hana ile harufu ya banda.

Halafu fikiria venye anaishi. Ana macho manane lakini haoni mbali, dunia yake anaijua kwa miguu, kwa mtetemeko unaopita kwa udongo na kwa utando wake. Ule utando unaona umesambaa chini na kwa mlango wa shimo ndio ramani yake na ndio kengele yake. Sasa wewe kila Jumamosi unaubeba wote unatupa. Ni kama kuhamishwa nyumba kila wiki bila kuambiwa, lazima atakuwa mkali na lazima atakataa chakula.

Fanya hivi. Mchungulie kila siku, dakika mbili tu. Akishakula kuna kidonge cheusi kinabaki, yaani maganda na mabawa ya mdudu ameyakunja pamoja na utando, hicho kitoe kwa kibano kirefu kabla siku kuisha, juu hapo ndipo ukungu huanzia. Kikombe cha maji badilisha kila siku mbili tatu na ukisugue mara moja kwa wiki. Kioo kipanguse na tishu yenye maji matupu. Basi. Udongo wote unaweza kukaa mwaka na zaidi kama buibui wako ni wa sehemu kavu, na kama ni wa unyevu angalia baada ya miezi sita hivi. Pua yako itakwambia mapema, udongo mzuri unanuka kama shamba baada ya mvua ya kwanza. Ukinuka kuoza usitoe udongo wote kwa hasira, tafuta kwanza, mara nyingi ni nyenje mmoja amefia chini ya gome.

Msomaji wa South B: "Tangu Julai ianze kuna ukungu mweupe kwa udongo, na vijidudu vyeupe vidogo sana. Nimwage kila kitu?"

Hapana, bado. Hii baridi yetu ya Juni hadi Agosti, mawingu siku nzima na hakuna kitu kinakauka, ndio inaleta hio. Nguo zako hazikauki kwa kamba, kwa nini udongo ukauke ndani ya boksi lenye matundu manne juu? Chota ukungu na kijiko pamoja na udongo wa chini yake kidogo, acha kupulizia maji, halafu toboa matundu upande huu na upande wa pili ili hewa ipite katikati. Matundu ya juu peke yake hayatoshi.

Na hii ya kupulizia maji kila mahali asubuhi na jioni naomba muache jamani. Mimina maji kona moja, polepole, yashuke chini. Kona ile nyingine ibaki kavu na buibui atachagua mwenyewe. Ata yule mkubwa wa kwetu wa rangi ya kutu, wa Kenya na Tanzania, wanasayansi wanamwita Pelinobius muticus, huchimba shimo refu anaishi chini huko kwenye unyevu wakati juu ya ardhi ni kavu. Kwa boksi mpe udongo wa sentimita 20 au 30 na unyevu ukae chini.

Vijidudu: ukimgusa mmoja na ncha ya brashi akaruka, huyo ni rafiki, anakula ukungu, muache. Lakini kama ni viduara kama ncha ya sindano, vinatembea polepole na vinajaa kwa mabaki ya chakula ama karibu na mdomo wa buibui, huo ni utitiri na unataka kazi. Muhamishe buibui kwa mkebe safi wenye tishu yenye unyevu na kikombe cha maji, udongo wa zamani tupa wote, osha boksi kwa maji moto, kausha kabisa. Hapo sasa ndio usafi mkubwa una maana.

Msomaji wa Rongai: "Naeza tumia Jik?"

Ndio, kwa tangi tupu, buibui akiwa chumba kingine. Sehemu moja ya Jik kwa kumi za maji, dakika kumi, suuza mara tatu nne, halafu anika siku mbili mpaka ukiingiza pua ndani husikii kitu. Usichanganye Jik na siki wala na zile dawa kali za choo, inatoa gesi ya sumu na hapo ni wewe utaumia. Yale madoa meupe kwa kioo siki peke yake inayatoa, iache ilowe kidogo upanguse, umalizie na maji. Mbao na magome usitie Jik, inaingia ndani haitoki, wewe yamwagie maji yanayochemka. Na ukweli ni kwamba mara nyingi maji moto na mswaki wa zamani vinatosha.

Msomaji wa Zimmerman: "Kwa ploti yetu wanakuja kupuliza dawa ya kunguni na mende wiki ijayo. Nikifunika tangi na leso itasaidia?"

Leso haitasaidia. Naomba usome hii yote.

Wangu wa kwanza alikuwa wa magoti mekundu, asili yake Mexico, mpole sana. Nilikuwa kazini Jumanne moja watu wa dawa wakapuliza korido na ngazi za floo yetu, kwangu hawakuingia lakini ilipita chini ya mlango. Jioni nikamkuta anatembea vibaya, kila mguu unaenda njia yake, anatetemeka, anarudi nyuma akitaka kwenda mbele. Nilimpa maji, nikafungua madirisha, nikakaa naye usiku. Siku ya nne nikampata miguu yote imekunjwa chini ya tumbo kama ngumi. Buibui hunyoosha miguu yake kwa kusukuma maji ya mwili ndani yake, akiishiwa nguvu miguu inajikunja hivo. Hio picha sijaisahau.

Dawa nyingi za wadudu ni za aina ya pareto. Yale maua meupe wazee walilima Molo na Nyandarua yana sumu inayoshika mishipa ya fahamu ya mdudu, na viwanda vikatengeneza zinazofanana nayo zinazokaa muda mrefu zaidi. Mwili wa tarantula hauwezi kujua kwamba dawa ililetwa kwa ajili ya mende. Soma karatasi ya mkebe, ukiona jina linaloishia na thrin jua ni hio.

Kwa hivo muulize keateka siku kamili, umpeleke buibui kwa rafiki, mtaa mwingine kabisa, kabla hawajafika. Asirudi siku hio hio. Fungua madirisha siku kadhaa, osha meza anapokaa na sabuni mara mbili, juu hizi dawa hubaki kwa kuta na sakafu wiki nyingi. Na wewe nawa mikono kabla ya kufungua boksi, hasa kama umewasha dawa ya mbu ama umempaka paka wako dawa ya viroboto.

Kuna moja watu hawafikirii. Neti. Niliwahi kuona boksi zuri sana la kijana mmoja, ametoboa madirisha mawili makubwa ya hewa na kuyafunika na kipande cha neti ya mbu iliyochanika, ameshonelea vizuri ata huoni uzi. Ile neti ni ya kliniki, imetiwa dawa kiwandani na imetengenezwa ikae na dawa miaka. Alikuwa anashangaa kwa nini buibui halali karibu na dirisha. Tuliikata siku hio hio. Tumia wavu wa chuma laini, na usiuweke kwa kifuniko cha juu, kucha zake zinanaswa akipanda.

Chakula pia ni hivohivo, mende wa jikoni usimpe kamwe, hujui amepita kwa dawa gani. Fuga nyenje wako, ama nunua kwa mtu anayefuga.

Msomaji wa Kasarani: "Sisimizi wanaingia kwa boksi usiku."

Weka boksi juu ya kitu kinachosimama ndani ya sinia ya maji yenye tone la sabuni, na boksi lisiguse ukuta. Usipulize kitu. Na utoe mabaki mapema, hayo ndio yanawaita.

Msomaji wa Buruburu: "Naogopa kumtoa nikisafisha. Nifanye aje asinione adui?"

Kuogopa kidogo ni vizuri. Usimshike kwa mkono. Chukua mkebe wa aiskrimu unaoona ndani, mfunike nao pole, halafu pitisha kadi ngumu chini yake, ama uweke mkebe mbele umguse mguu wa nyuma na brashi laini ya rangi aingie mwenyewe. Usipulize pumzi, anachukia. Fanyia kazi hio ndani ya beseni kubwa sakafuni, kwa bafu mlango umefungwa, asiporomoke kutoka mezani. Tumbo lake ni laini kama puto lenye maji, akianguka vibaya linapasuka.

Wale wa Amerika wengi wanapangusa manyoya ya tumbo kwa miguu ya nyuma, yanawasha ngozi na yakiingia jichoni ni hospitali, vaa miwani na glavu ukigusa udongo wa zamani juu manyoya yamejaa humo. Wale wa Afrika hawana hayo manyoya lakini ni wepesi na wanauma. Yule wa rangi ya machungwa, Pterinochilus murinus, akikuuma misuli inaweza kukaza siku kadhaa. Akiinua miguu ya mbele kuonyesha meno, funika, kesho ni siku.

Ukimaliza rudisha udongo kwa kimo kilekile. Watu wanatoa udongo mwingi wanarudisha kidogo, sasa kutoka chini mpaka kifuniko ni mbali, anapanda anaanguka. Kwa wale wa ardhini nafasi hio isizidi mara moja na nusu ya upana wake akinyoosha miguu.

Na ukimkuta amelala chali, usiguse chochote! Hajafa. Anajivua ngozi. Toa nyenje kama unaweza kumfikia bila kutikisa boksi, jaza maji siku nyingine, ondoka. Baada ya hapo meno yake ni meupe na laini, subiri mpaka yawe meusi tena, wiki moja mbili hivi, kabla ya kumlisha ama kufikiria kusafisha.

Msomaji wa Kitengela: "Nimepata mkubwa sana kwa shimo shambani, nimemweka kwa ndoo. Nimtengenezee tangi ya aina gani?"

Usimtengenezee, ndugu yangu, mrudishe. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haiangalii ukubwa, kiumbe wa porini wa asili ya hapa kumweka kwako kunataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. Mnakumbuka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walioshikwa Naivasha na sisimizi kama 5,000 kwa vichupa, mahakama ikawapiga faini ya shilingi milioni moja kila mmoja ama miezi kumi na miwili ndani. Na huyo wako kama ni jike inawezekana ameishi kwa shimo hilo miaka mingi, na labda ana mayai.

Mpeleke jioni jua likishuka, shimo lilelile, si lingine. Laza ndoo chini karibu na mlango wa shimo, urudi nyuma hatua tatu nne, usimsukume. Atasimama kwa ukingo kidogo, atagusa utando wake wa zamani na mguu mmoja, halafu ataingia.