Kwa nini Bain inakula gesi nyingi kuliko sakiti ya duara

Mkuu umeuliza kwa nini wenzako kwenye sakiti ya duara (mabomba ya mashine ya usingizi yanayozungusha pumzi ya mgonjwa) wanafungua lita 1 tu ya gesi mpya kwa dakika, ukihamia Bain (sakiti ya bomba ndani ya bomba) unaambiwa fungua hata 9. Niko kwenye kazi ya usingizi kitambo na naona jibu lote liko hapa, ile pumzi anayotoa mgonjwa inaishia wapi?

Kwenye duara inapita kwenye kopo la sodalaimu (chembechembe za kunyonya kabondayoksaidi), kabondayoksaidi inanyonywa, kilichobaki pamoja na oksijeni na dawa ya usingizi kinarudi kwa mgonjwa, kwa hiyo gesi mpya ni ya kufidia tu. Zinazoilazimisha izunguke ni zile valvu mbili za kupitisha upande mmoja tu, moja ikigoma kufunga anaanza kuvuta alichotoa hata kama sodalaimu umeweka leo.

Bain haina kopo wala hizo valvu mbili. Kinachofukuza kabondayoksaidi ni gesi mpya yenyewe inayokuja na bomba dogo la ndani mpaka karibu na mdomo. Ukimpumulia wewe, mililita 70 kwa kilo kwa dakika zinatosha. Akipumua mwenyewe ni 150 hadi 200, mtu wa kilo 60 piga hesabu, ndo hizo lita 9 na kuendelea. Magill (sakiti nyingine isiyo na kopo) ni kinyume chake, nzuri kwa anayejipumulia, ukimpumulia inakuwa hasara tupu.

Sasa kitu ambacho wengi hawakishiki ni kwamba namba ya kwenye vepoaiza (kifaa kinachochanganya dawa ya usingizi kwenye gesi) SIYO anachovuta mgonjwa. Kwenye duara kwa lita 1, ukipandisha vepoaiza kutoka asilimia 1 kwenda 3, hiyo gesi inaenda kuchanganyika na lita kadhaa za zamani zilizojaa kwenye mabomba, mfuko na kopo, kwa hiyo inachelewa kweli, na nimeona mtu anazungusha vepoaiza tu huku mgonjwa bado anatikisika wakati flo (kasi ya gesi mpya) hajaigusa. Fungua lita 6 kwanza, akitulia rudisha, na macho yawe kwenye skrini inayoonyesha anachovuta sio kwenye kitufe.

Na ule mstari wa kabondayoksaidi kwenye skrini usiporudi sifuri akivuta pumzi, kwenye duara kagua valvu na sodalaimu (rangi ya zambarau inayoonyesha imechoka ikikaa bila kutumika inaweza kurudi nyeupe, usiiamini peke yake), kwenye Bain ongeza flo, halafu hakikisha bomba la ndani halijachomoka.