Mama haipokei simu tuliyomnunulia

*Shangazi, shikamoo. Mama yetu ni mkulima, ana miaka zaidi ya sabini. Sisi watoto tulichanga tukamnunulia simu janja ili tuwe tunaonana naye kwa video. Kitochi chake nilikichukua mimi, maana kilikuwa kimefungwa raba ili betri isidondoke, aibu tupu. Tangu siku hiyo nikipiga, simu inaita mpaka inakata, au inapokelewa na kukatika hapo hapo. Yeye mwenyewe hapigi kabisa. Nikimuuliza anajibu, "Simu yenu inanikataa. Halafu mmeninyang'anya mbili yangu." Mbili ipi, Shangazi, na majina yote tulimhamishia? Kaka zangu wanasema amenuna, tumwache atazoea. Je, ni uzee au ni kukosa shukrani?*
*Binti Mkubwa*

Marahaba, mwanangu. Si uzee wala si kukosa shukrani. Mama amewaeleza shida yake kwa sentensi mbili fupi, ninyi mkazisikia kama manung'uniko.

Tuanze na hiyo "inanikataa", maana ni kweli tupu. Kioo cha simu janja hakijali umekibonyeza kwa nguvu kiasi gani. Kina umeme mdogo sana juu yake, na kidole laini chenye unyevunyevu kikikigusa, umeme ule unabadilika na simu inajua umegusa wapi. Sasa chukua kidole kilichoshika jembe miaka hamsini, ngozi kavu, ngumu kama gamba. Kinagusa, na simu inaona kama hakuna mtu. Mama anakandamiza zaidi, haisaidii. Akishikilia muda mrefu, simu inadhani ameagiza jambo jingine. Na hapo bado hajaambiwa kwamba kwenye simu nyingi kupokea si kubonyeza, ni kuburuza kidole. Mimi vidole vyangu si vya jembe, lakini nikitoka kufua nguo simu yangu hainijui kabisa, na huwa naitukana.

Kitochi hakikuwa na mambo hayo. Kitufe cha kijani ni cha kijani, ukikibonyeza kinabonyea. Hata pale kwenye 5 kuna kichunusi kidogo, kimewekwa makusudi ili kidole kijue kilipo bila macho. Mama yako alikuwa anaweza kupiga simu gizani.

Sasa hiyo mbili. Kwenye vitochi vingi unaweza kumpangia mtu kitufe kimoja cha namba: unakishikilia, simu inampigia. Kitufe cha 1 mara nyingi kimetengwa kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo mtu wa kwanza kupangwa hukaa kwenye 2. Mlipohamisha majina, mpango huo haukuhama. Wewe umejiita Binti Mkubwa. Nadhani huhitaji Shangazi akutajie mbili ni nani.

Kuhusu kaka zako na "atazoea" yao, waambie kununa hakumfanyi mtu ashindwe kupokea simu ya mwanawe.

Kitafute hicho kitochi leo. Kama betri imevimba, usiichaji wala usiitoboe, nunua nyingine. Kama iko sawa ila imekaa bila moto muda mrefu, ichaji ukiwa karibu uone inashika. Halafu angalia laini. Simu mpya hutumia laini ndogo sana, na kama ya mama ilikatwa iingie humo, kwenye kitochi italegea. Kuna vifremu vidogo vya plastiki vya kuishikilia, au uende na mama kwa kampuni yake ya simu abadilishiwe laini, namba ibaki ile ile. Hakikisha pia kitochi bado kinapata mtandao, kwa sababu ziko nchi zilizozima mitambo ya zamani, na hapo mtahitaji simu mpya ya vitufe. Zipo, zinatengenezwa hadi leo.

Simu janja msiinyang'anye, mtakuwa mmerudia kosa lile lile. Ibaki kwa ajili ya video, na mjukuu aliye karibu aipokee. Bandueni ile protekta nene kama mliiweka, kuzeni maandishi, na mtazame kwenye mipangilio kama kuna sehemu ya kuongeza wepesi wa kioo kuhisi mguso. Baadhi ya simu zina pia njia ya kupokea kwa kitufe cha pembeni. Siku akitaka kuigusa mwenyewe, ataigusa.

Kitochi usimtumie mtu akipeleke. Nenda nacho mwenyewe, na raba yake. Usianze na "Mama, ulishindwa", sema, "Mama, nilichukua kitu chako bila kukuuliza." Kisha kaa naye mpange namba upya, toka nje na simu yako mkononi, umwache ashikilie 2 mpaka yako iite.

Kaka zako watapewa 3 na 4, kwa mpangilio atakaoutaka yeye.